Mke Mwenzangu wa Kaloleni

Niliajiriwa kunyoosha Kiswahili. Ndivyo mwandishi mkuu alivyoniambia siku ya kwanza, tena kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni pa kukaa: wao wangeandika vichekesho, mimi ningenyoosha. Kipindi chenyewe cha televisheni kilihusu familia moja ya Malindi yenye nyumba ya wageni isiyopata wageni. Waandishi wote walikuwa wanaume wa bara, watu wazuri, wacheshi, na walimwandika mama wa Malindi akisema, "Niko na njaa, wacha nikule." Mimi nafuta, naandika, "Nna njaa, hebu nile." Wakaniuliza kama hiyo "nna" ni kosa la kuchapa. Nikawaambia la, ndugu zangu, ndivyo tusemavyo. Nilisema kwa adabu zote, na moyoni nilikuwa natokota.

Chumba chetu kilikuwa ghorofani Kilifi mjini, juu ya duka la vitambaa, feni moja na meza moja, na mwanamke mmoja, mimi. Ilipofika zamu ya mhusika wa kike kusema neno, wote walinigeukia. "Hapa mwanamke angesema nini?" Kana kwamba wanawake wote tuliitisha mkutano tukapitisha jibu. Na wanawake wao walikuwa wa namna tatu: wa kufoka, wa kulia na wa kuposwa. Mzaha ulikuwa wa wanaume, kazi ya mwanamke ilikuwa kushika kiuno na kushangaa. Nilipouliza sababu, mmoja akanieleza, bila ubaya wowote, kwamba wanawake wa pwani ni wapole. Lo! Huyo Kaloleni alikuwa hajafika.

Mimi nimezaliwa Kaloleni, kule juu kwenye minazi, na kicheko nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba. Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na bibi naye humwita "mke mwenzangu", na kutoka hapo ni vita. Wala si maneno mabaya, ni utani, na utani una mahali pake: baba yako huwezi kumtania, mama yako hata usijaribu, lakini bibi ni ruhusa. Bibi yangu hakupata kuniita jina langu hata siku moja. Nikiwa sijaota meno ya mbele aliniambia mume wetu hampendi mke mwenye pengo, nami nikamwambia basi amwache yeye kwanza, maana yake hayataota tena. Babu alicheka mpaka akatoka nje. Alishafariki miaka mingi iliyopita, Mungu amrehemu, na bado tunamgombania.

Nilikuwa nimenyoosha Kiswahili cha watu kwa misimu miwili mwandishi mkuu aliponiita pembeni. Wakubwa wa kituo walitaka walau sehemu moja ya kipindi iandikwe na mwanamke. Hakunificha kitu, na kwa hilo namheshimu. Aliniambia nikiiandika ikachekesha, msimu ujao nitakaa mezani kama mwandishi. Isipochekesha, yeye hatakuwa na mdomo wa kuniombea tena, nitarudi kwenye "nna" zangu. Nikamwambia sawa. Nikaenda chooni nikajifungia, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Niliandika kile ninachokijua. Msichana wa ile familia anarudi kutoka Nairobi na mchumba, kijana wa bara, mstaarabu, kamletea bibi wa watu blanketi katika joto hili. Bibi anamtazama kijana kuanzia viatu mpaka nywele, kisha anamgeukia mjukuu wake: "Mke mwenzangu, yule wa kwanza alitushinda, huyu wa pili tutamweka wapi?" Kijana anaelewa neno kwa neno. Anadhani ameingia kwenye nyumba ambayo bibi na mjukuu wameolewa na mtu mmoja, na yeye ndiye anayefuata. Ndiyo sehemu nzima hiyo, hofu ya yule maskini na blanketi lake.

Mwandishi mkuu aliisoma mara mbili bila kutikisika uso. Akasema ana wasiwasi na hilo neno. Watu wa bara wataona ni aibu, mke mwenza vipi, bibi na mjukuu wake? Akataka tuandike "mjukuu wangu" tu, yaishe. Tulibishana mpaka mwenye duka chini akapanda kuuliza kama kuna msiba. Mwisho tukakubaliana: isomwe mbele ya waigizaji. Wakicheka, neno linabaki. Wasipocheka, linatoka, na ukilitoa hilo neno hakuna hadithi.

Picha zetu tulikuwa tukizipigia Matsangoni, kwenye nyumba ya kukodi karibu na barabara, ambapo kila lori likipita sharti usimame ungoje. Waigizaji wakaketi barazani, wakasoma. Aliyecheza bibi alisoma vizuri, kila neno lilisikika. Hakuna aliyecheka. Ngoja niseme kweli, mtu mmoja alicheka, fundi wa mitambo, na alikuwa akiichekea simu yake. Walipomaliza palikuwa kimya, na hata lori halikupita kunisitiri. Mwandishi mkuu akakusanya karatasi zake polepole, akaniambia nitazame tena, Jumatatu tutasoma mara ya mwisho. Alivyosema kwa huruma ndivyo ilivyoniuma zaidi.

Njiani kuelekea Kaloleni nilimlaumu kila mtu. Nilimlaumu yule mama mwigizaji, nikawalaumu watu wa bara, nikalilaumu hata lori lisilopita. Nilipofika nilimkuta bibi amekaa uani anachambua mchicha. Nikapiga magoti kidogo, nikampa shikamoo kwa mikono miwili, kama ninavyofanya siku hizi. Akaitikia. Kisha akanikagua.

"Mke mwenzangu," akasema, "umekonda hivyo, nani huko anakunyima? Mume akikuona atasema nimekuloga."

Nikatabasamu. Nikamwambia, "Kazi nyingi, bibi."

Akaendelea na mchicha. Akanichokoza tena, kwamba hata nywele zangu zimesukwa kimya, na mimi nikatabasamu tena nikamuuliza kama dawa za presha anazinywa. Akaacha kuchambua. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ameumia.

"Zamani ulikuwa unanijibu," akasema. "Tangu umekwenda kukaa na hao wakubwa wako, nikikutania unanitolea meno kama mgeni. Basi mimi namtania nani? Ukuta?"

Niliona haya na nikaona huruma, maana mwanamke huyu alikuwa amekaa miaka akinirushia mpira, mimi nauacha unaanguka, nikiita hiyo heshima. Halafu, Mungu anisamehe, nikakumbuka skripti yangu. Mle ndani bibi anasema maneno yake makali na mjukuu, niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, "anainamisha kichwa, anatabasamu." Kila mara. Nilikuwa nimemwandika msichana mpole wa pwani! Mimi, niliyewanunia wanaume wa watu misimu miwili kwa kosa hilohilo. Ndiyo maana pale barazani hawakucheka. Utani wa mtu mmoja ni matusi, au ni kikongwe anajisemea.

Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. "Mke mwenzangu," nikamwambia, "mimi nimekonda kwa sababu nafanya kazi. Wewe uliyenenepa kwa kukaa na mali ya marehemu, umemwachia nani mboga aje akuchambulie?"

Alinitazama. Kisha akanipiga na fungu zima la mchicha, na alicheka akashika mbavu, mpaka shangazi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Tuliendelea hivyo mpaka chakula kikaiva. Mengine siwezi kuyaandika hapa, kuna watoto wanaosoma.

Jumatatu nikapeleka skripti mpya Matsangoni. Neno "mke mwenzangu" sikulitoa, nililiongeza, sasa linakwenda na kurudi. Bibi akipiga, mjukuu anarudisha, naye kijana na blanketi lake amekaa katikati, shingo inageuka huku na huku. Yule mama mwigizaji alipojibiwa mara ya kwanza alishtuka kweli, akaacha karatasi, akamtazama mwenziwe kwa jicho la kibibi hasa. Kutoka hapo hakuwa anasoma tena, alikuwa anapigana. Kicheko kilianzia kwa wa mitambo, safari hii simu ameizima, kikazunguka baraza zima. Mwandishi mkuu alivua miwani akajifuta macho. Nilitaka kulia, nikajikaza, maana pale mwanamke akilia wataandika.

Neno likabaki na sehemu ikapigwa picha. Lakini kuhusu msimu ujao hakuniambia kitu. Alisema uamuzi si wake peke yake, tungoje ionyeshwe kwanza wakubwa waone watu wameipokeaje. Ikaonyeshwa, mimi nikiitazamia kwa dada yangu Kilifi nimejifunika leso usoni. Watu waliandika mitandaoni wakitaja bibi zao, wa pwani na wa bara, maana kumbe utani huo wengi wanao, kila mtu kwa lugha ya kwao. Siku zikapita. Bado kimya. Nikaanza kuzoea wazo la kunyoosha tena, na nilikuwa nalia kidogo nikiosha vyombo.

Kisha Jumamosi moja, nikiwa Kaloleni, simu ikalia: mwandishi mkuu yuko njiani, anakuja kumwona bibi aliyezaa yale maneno, na ana habari. Alifika akiwa amevaa koti, jasho linamtiririka, na kreti ya soda begani. Nyuma yake walikuwa wale waandishi wengine, kimya kama wanafunzi. Kwetu tulikuwa tumejaa, shangazi, binamu na majirani, kwa sababu hakuna siri Kaloleni. Akaketishwa mbele ya bibi. Akatoa shikamoo vizuri, akakohoa, na kwa Kiswahili alichokinyoosha mwenyewe njia nzima akasema:

"Bibi, tumekuja kumwomba mjukuu wako. Tumekaa naye, tumemwona, tunamtaka. Tunaomba awe wetu kabisa."

Shangazi aliangusha bakuli. Kwetu maneno hayo yana kazi moja tu, na mwanamume aliyevaa koti, akaja na wenzake nyuma, akaketi mbele ya bibi akayasema, huyo kaja kuposa. Naye ana mke na watoto watatu. Mimi nilielewa kabla ya wote. Nilielewa kwamba nimepata kazi, kwamba msimu ujao ninakaa mezani, na kwa furaha nikasahau kumwokoa.

Bibi hakucheka. Alimkagua kuanzia viatu mpaka nywele, sawasawa kama nilivyoandika, kisha akaitazama ile kreti.

"Mke huombwa kwa kadzama," akamwambia, "mtungi wa mnazi uliogemwa ukanyweka. Wewe umeniletea soda. Huko kwenu wanawake ni wa bei hiyo?"

Maskini ya Mungu, aligeuka kunitazama, shingo yake ikaenda huku na huku kama ya yule kijana wa blanketi, na hapo ndipo ilipomwingia amesema nini. Akaanza kueleza kwamba ni kazi, bibi, kazi ya kuandika, mkataba umetoka. Binamu zangu walikuwa wameshalala chini kwa kucheka. Bibi akainua mkono, wote wakanyamaza. Kwetu posa ikifika haijibiwi na wazee tu. Binti mwenyewe huulizwa mbele za watu, na mpaka aseme ndiyo, hakuna mdomo unaoguswa na kinywaji. Akafungua chupa moja kwa meno yake, yale machache aliyobakiwa nayo, akanigeukia.

"Mke mwenzangu," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha, "wamekuja kwa ajili yako. Tunywe, tusinywe?"

Nikawatazama wale wanaume wa juu ya duka la vitambaa. Nikamtazama yeye, anangoja, chupa mkononi.

"Kunyweni," nikasema. "Ila wewe, mke mwenzangu, onja tu urudishe. Huyu nimempata kwa jasho langu, sigawani na mtu."