Rosanda, fundi wake na klachi iliyokataa kurudi

Rosanda Tomović anaingia garini kwa mlango wa abiria, kwa sababu wa dereva haufunguki kwa nje. Anajivuta juu ya gia, anakaa, anaikanyaga klachi mara kadhaa kabla ya kugusa ufunguo. Pedali inashuka, inarudi. Anaguna. Ndipo anawasha.

Nje bado kuna giza. Nyuma ya gari yamepangwa madumu ya mbao yaliyojaa jibini na kajmak, ile malai ya maziwa iliyotiwa chumvi, ambayo bila hiyo watu wa Čačak, mji anakouza, huona mkate ni adhabu. Mama mkwe wake, Vidosava, bado yuko mlangoni akijifunga kitambaa cha pili kichwani.

“Tukichelewa, mama, watanunua kwa Stojanka,” Rosanda anamwita.

“Wakinunua kwa Stojanka watakula chaki,” bibi anajibu, wala haongezi mwendo.

Rosanda ana miaka hamsini na mitatu. Mumewe alipofariki alimwachia ng'ombe saba, binti mmoja, mama mkwe, na gari hili la mizigo ambalo hata wakati huo lilikuwa limeshachoka. Jumamosi njema huuza kilo arobaini. Jumamosi asipofika sokoni, hasara ni yake peke yake.

“Ng'ombe hajui kwamba gari limeharibika,” anasema. “Atakamuliwa asubuhi, atakamuliwa jioni. Utayaweka wapi hayo maziwa?”

Mwezi Oktoba klachi ilikwisha kabisa. Akalipeleka gari kwa Miladin, kama siku zote. Miladin ana gereji ndogo huko bondeni, Ivanjica, na ndiye baba wa ubatizo wa Jagoda, binti wa Rosanda. Milimani huku mtu anaweza kununiana na ndugu yake wa damu maisha yote kwa ajili ya mpaka wa shamba. Lakini na baba wa ubatizo wa mwanawe, hathubutu. Miladin akafunga klachi mpya, wakanywa kahawa, gari likapanda mlima likiimba.

Hazikupita Jumamosi nyingi. Wakiwa kwenye mteremko, pedali ikashuka na kukataa kurudi. Gia haikushika tena, gari likawa linaserereka tu. Rosanda alilikaba kwa breki ya mguu na ya mkono, likasimama pua ikiwa ndani ya uzio wa shamba la rasiberi. Vidosava akafanya ishara ya msalaba, kisha akauliza kama kajmak imemwagika.

Jirani aliwarudisha kwa trekta. Rosanda akashuka kwa basi hadi gereji, akamkuta Miladin chini ya gari la mtu.

“Kabla hujaligusa halikuwa na ugonjwa huu,” akamwambia.

“Kabla sijaligusa halikuwa linatembea, mzazi mwenzangu. Klachi yangu ni nzima. Labda mguu wako.”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Rosanda anasema klachi angeisamehe, lakini mguu, hapana. Ameshuka mlima huu na barafu, na mimba, na ndama nyuma ya kiti. Miladin naye hakutaka hata kwenda kulitazama gari, maana fundi akienda kutazama ameshakiri nusu ya kosa.

Mjini kuna mafundi wengine. Lakini kulipeleka gari kwao kungekuwa sawa na kulitangazia bonde zima kwamba Miladin hafai, na baada ya hapo Rosanda angemtazamaje Jagoda usoni? Basi gari likakaa kando ya zizi, likafunikwa na theluji. Rosanda akawa anabeba dumu moja moja kwa basi, na yaliyobaki akayapakia kwenye gari la Stojanka, mpinzani wake. “Jibini langu likalala meza moja na chaki yake,” anasema, na mpaka leo uso unamkunjamana.

Wateja wakaanza kupungua. Akafikiria kuuza ng'ombe wawili.

Aliyeshindwa kwanza ni Miladin. “Nilimwona kituoni, dumu begani, theluji mpaka kwenye nyusi,” anasema gerejini kwake, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. “Nikaenda nyumbani kula. Supu ikanishinda.”

Jumapili akapanda mlimani na sanduku la vifaa. Akasema alikuwa anapita tu. Barabara inaishia uani kwa Rosanda. Hakuna pa kupitia. Hakuna aliyemwambia hivyo.

Alilala chali chini ya usukani, wanawake wawili wamesimama juu yake kama mahakimu. Akapapasa, akavuta, akatoka na soksi nene ya sufu, ya kijivu, imejisokota pale kebo ya klachi inapopita kwenye bati.

Kisha Vidosava akasema, “Ndiyo hiyo. Niliitafuta Krismasi nzima.”

Aliitia yeye, Rosanda akiwa sokoni anauza. Kulikuwa na tundu, upepo ukawa unapenya na kumpiga magotini. Kwa watu wa huku upepo wa kwenye tundu ni adui mkubwa kuliko mbwa mwitu: ndio unaokunja shingo, ndio unaoua figo, na daktari akibisha, daktari ndiye aliyekosea. Hata Miladin hakumlaumu kwa kuliziba.

Swali likawa, tundu limetoka wapi? Miladin akakuna kichwa. Mpira wa kulizibia ulikatika alipokuwa anafunga kebo mpya. Hakuwa na mwingine, akaona ni kitu kidogo, hakusema.

“Bila tundu lako, soksi ingekuwa mguuni,” Rosanda akamwambia.

“Bila soksi yenu, klachi ingekuwa inacheka.”

“Na bila magoti yangu,” akasema Vidosava, “msingejua hata cha kugombania. Ingieni ndani, mlango uko wazi na wa nyuma pia, upepo unapita.”

Miladin alirudi kesho yake na mpira mpya. Kabla hajaondoka alisema, akiangalia boneti, kwamba mguu wa Rosanda hauna kasoro. Rosanda akamfungia kajmak ya kupeleka kwa mkewe.

Nani alikosa? Miladin anataka iandikwe kwamba ni soksi. Rosanda anataka iandikwe kwamba ni tundu. Wanabishana hivyo kila Jumamosi anapoegesha gerejini kunywa kahawa, na mke wa Miladin anasema hajamwona mumewe na furaha hivyo tangu sherehe ya ubatizo.

Sasa Rosanda anaweka akiba ya kununua gari jingine, lililotumika lakini lenye milango inayofunguka. Mpwa wake alijitolea kwenda naye kuchagua. Alimkatalia, atakwenda na Miladin.

“Akilichagua yeye, akalitengeneza yeye,” anasema huku akiingiza gia, “likiharibika sitapata shida ya kutafuta wa kumlaumu.”