Siku Ispekta Alipopaa Kashebere

Siku yangu ya kwanza kazini kama mwalimu wa gimnastiki, kwenye shule moja ya Muheto, Prefe, yaani mkuu wa shule, alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "Mama, hawa watoto wanapandaka milima toka asubui. Unataka waruke tena?" Nikamjibu kwamba kupanda mlima ni taabu, kuruka ni elimu. Hakusadiki, lakini alinipa uwanja wa gimnastiki, ambao nusu yake ilikuwa shamba la maharagwe.

Baadaye nilihamishiwa Sake, kwenye uwanja wa mawe matupu ambapo aliyeanguka mara moja hakutaka ya pili, halafu Kashebere. Huko ndiko nilikojenga trampolini. Mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo alitupa mipira ya ndani ya magurudumu ya malori yake. Tukaikata iwe kauchu, zile kamba za mpira za kufungia mizigo, tukazisuka juu ya fremu ya mikaratusi. Ninyi vijana mnadhani trampolini inamrusha mtu yenyewe. Wapi! Ukishuka unaivuta kauchu, nayo inaweka nguvu zako akiba, ukipanda inakurudishia. Wanafunzi waliosinzia mbele ya ubao wa fizikia waliielewa kwa miguu. Niliipenda kazi ile kupita kiasi.

Ndipo akaja Ispekta, mkaguzi wa shule. "Hii kitu iko danjere," akasema, yaani ni hatari. "Leo inatoka hapa, ao weye njo unatoka."

Nikamsihi aijaribu kwanza. Akavua viatu, akapanda.

Sasa, kwetu mgeni mkubwa haachwi njiani. Prefe wa Kashebere, mtu mnene mwenye adabu nyingi, alikuwa amemsindikiza Ispekta hata mlangoni pa choo. Akamfuata juu vilevile.

"Papa Prefe, shukeni!" nilipiga kelele. "Mutu moja moja!"

"Nitamuacha mugeni yeye peke?"

Ispekta alikuwa akirukaruka kidogo, kwa heshima zake. Prefe akatua punde tu kabla yake, na kauchu ilipoanza kurudi juu, ikamkuta Ispekta: nguvu zote za Prefe zikaingia miguuni mwake. Akapaa. Alikuwa ameinama kumtazama Prefe, kwa hiyo akaanza kupinduka. Kwa hofu akakumbatia magoti, na aliyejikunja hewani huzunguka haraka kuliko aliyejinyoosha. Akazunguka mzunguko mzima, tai ikimfuata nyuma, akatua kwa makalio katikati ya trampolini.

Mimi nilishaanza kufunga mizigo moyoni.

"Mama," Ispekta akasema, akihema, "hii nilifanya inaitwaka je?"

"Salto, Papa."

"Ilikuwa muzuri?"

"Magoti yalifunguka mapema."

Akavua koti. "Prefe, rudia pale ulikuwa. Hii kitu inabakia."

Nimestaafu sasa, na magoti yangu hulalamika hata nikipanda kitanda. Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi, wote wakihangaikia kupanda. Yule peke yake ndiye niliyemwona akishuka huku anacheka.