Ua la Mungu Halinuswi

Jumapili, tarehe kumi na sita Februari. Usiku barafu ilishika maji ya ndoo. Asubuhi ukungu, halafu jua jeupe lisilo na joto. Nilipofungua mlango wa nyuma kumwaga majani ya chai, harufu ya udongo baridi ilinipanda puani, na nyuma yake, sijui kwa njia gani, harufu ya mafuta ya taa, ambayo nyumba hii haijawahi kuyatumia. Nikajua krokasi, yale maua madogo ya mwisho wa baridi, zimetoka kabla sijaziona. Kweli, zilikuwa pale chini ya ukuta, zambarau, zimefumba midomo zikisubiri jua, na mimi nikasimama na birika mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake.

Sijui kama haya yanafaa kusomwa na mtu mwingine. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano nikaingia kiwanda cha kushona mikoba. Kigujarati naongea na mama, Kiingereza naongea na dunia, lakini nikishika kalamu kinachokuja ni Kiswahili, kwa kuwa ndicho nilichochezea Mombasa. Pale kumbukumbu inapochechemea nitasema. Sitaki kumsingizia mtu, hasa waliokwisha kufa.

Tulifika London mwezi wa Novemba nikiwa na miaka tisa: mimi, mama, na Bibi mzaa baba. Baba alibaki Mombasa auze duka kwanza, atufuate kabla baridi haijaisha. Tulipanga vyumba viwili vya juu huku huku Tooting, na chini aliishi mwenye nyumba, mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mkewe. Nikiwa mkweli, hakuwa mtu mbaya. Alilalamikia haradali tulipoitumbukiza kwenye mafuta ya moto, lakini ni yeye pia aliyetupandishia hita ya mafuta ya taa bila kuombwa, akanionyesha namna ya kukata utambi. Hita ile ilitia harufu yake katika kila kitu: makoti, mito, hata unga wa chapati. Mafuta ya taa, sufu iliyolowa, na ukuta wenye ukungu, hizo ndizo harufu zangu za miezi minne. Dirisha la jikoni letu lilitazama bustani yake ya nyuma. Bibi alipoiona mara ya kwanza, matawi meusi na udongo uliovimba kwa maji, alisema, "Hapa hata nzi amehama."

Kila asubuhi Bibi alisali mbele ya picha ya Mungu aliyoisimamisha juu ya sanduku la safari, na sala yake ilitaka ua. Sharti lilikuwa moja: ua la Mungu halinuswi. Harufu ya kwanza ni yake; ukishainusa wewe, umempa makombo. Mombasa nilimwona kwa macho yangu akirudisha kikapu kizima cha asumini kwa sababu muuzaji alitia pua yake ndani. "Nisamehe dada," alimwambia, "lakini umekwisha kula wewe." Sasa London, maua ya dukani hakuyataka hata kuyatazama. "Haya yamenuswa na mji mzima," alisema. Basi alitumia majani makavu ya mrihani aliyokuja nayo ndani ya kopo la kakao, jani moja kwa siku. Mwisho wa Januari nilimsikia akigonga kitako cha kopo kwa kiganja, na hakikutoka kitu.

Februari hiyo ndiyo ile iliyowafanya Wahindi wa Kenya wagombee ndege. Ilisemwa kwamba mwisho wa mwezi sheria ya Waingereza itafunga mlango, na atakayekuwa hajaingia atangoja kibali, pengine miaka. Barua ya baba ikaja: mnunuzi wa duka anamzungusha, lakini ameshika kiti cha ndege, Jumanne ya wiki ya mwisho. Mama aliisoma kwa sauti mara mbili, akaikunja, akasema subira huvuta heri. Bibi alikuwa akisukuma chapati, hakuinua uso. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Mama Nimu. Mwandikie mumeo aache hilo duka. Afunge mlango, ufunguo autupe, aje." Nimu ni mimi. Mama aliandika usiku huo huo, ila kama barua ilimfikia kwa wakati, sijapata kujua.

Katika siku hizo nikaona vijani vikitoboa udongo chini ya ukuta, vyembamba, vyenye mstari mweupe katikati, kama meno ya mtoto yanayochimbuza. Nilimkimbilia Bibi. Alisimama dirishani muda mrefu, kisha akaweka nadhiri: ua la kwanza la bustani hii litatolewa kwa ajili ya mwanawe, apite kabla mlango haujafungwa. Akanituma kwa mwenye nyumba kuomba. Mzee alinitazama, akatazama ukuta, akaniambia maua yale aliyapanda mkewe kwa mkono wake. Halafu akainua kidole kimoja. Moja tu. Nafikiri kwake hata hilo moja lilikuwa kubwa.

Kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda kuchuchumaa pale. Lilifumbuka Jumamosi, siku tatu kabla ya ndege ya baba, jua lilipolipiga kama saa nne hivi. Zambarau, na katikati ulimi wa rangi ya zafarani. Nilikuwa nimenawa mikono kama nilivyoagizwa. Nililichuma chini kabisa, nikalishika kwa vidole viwili mbali na uso. Hapo sasa sielewi vizuri kilichotokea, maana ninalolikumbuka si kuamua. Nakumbuka tu kwamba pua yangu ilikuwa imekwisha kuwa ndani. Lilinuka asali kidogo sana, asali iliyooshwa na maji. Nikavuta tena, mara ya pili, na ya pili ile siwezi kusema ilinitoka bila kujua.

Nilipopanda, Bibi alikuwa mlangoni juu ya ngazi, sahani ya shaba mkononi. Alinitazama. "Umelinusa?"

"Sikulinusa, Bibi."

Mama aligeuka kutoka kwenye jiko, akatutazama wote wawili, akarudia sufuria yake. Bibi akapokea ua, akaliweka mbele ya picha, akafumba macho. Chakula cha siku ile kilikuwa viazi vya haradali na chapati, alichokipenda baba, na mzee wa chini safari hii hakugonga dari.

Jumanne ilipita. Alhamisi ikaja simu ya maandishi: mnunuzi alikuwa ameomba siku mbili zaidi, baba akampa, na kiti kikachukuliwa na mwingine. Mlango ukafungwa. Baba alipata kibali baada ya miaka mitatu kasoro. Katika baridi ya pili Bibi alishikwa na kifua, akafariki kabla krokasi hazijatoka. Baba alipofika, kitu cha kwanza alichoomba kuonyeshwa ni dirisha alipokuwa akisimama mama yake. Mimi nilimwonyesha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kila alipokifuta kioo kwa mkono wa koti nilitaka kumwambia kwamba ni mimi, sikuweza. Alikufa hajui. Nimeolewa, nimezaa, nimekwenda kazini miaka thelathini na nane nikiwa nimebeba neno lile moja.

Wiki iliyopita ndipo mama, ambaye sasa naishi naye na kumwogesha, alitazama nje akaanza kucheka. Mambo ya jana humpotea, lakini ya zamani anayo yote. "Unaikumbuka pua yako?" akaniuliza. Nikamuuliza pua gani. "Siku ile ya ua. Umesimama pale unasema sikulinusa, na unga wa manjano umekujaa puani mpaka mdomoni! Nilijiuma ulimi nisicheke." Nikakaa kitandani kwake. Nikamuuliza Bibi naye aliona? "Asione ana macho! Ulipokwenda kunawa nilimwambia, Mama, hilo limeharibika, tufanyeje? Akasema, mzee ametupa moja. Mwenye njaa hana miiko. Akasema, nikiulizwa huko kwa Mungu, nitasema nimelinusa mimi."

Nimelipima neno hilo wiki nzima na mizani haitulii. Kwa haki, ua halizuii ndege; aliyemzuia baba ni mnunuzi, na sheria, na baba mwenyewe aliyependa kuuza vizuri, na hata yeye simlaumu, alikuwa akitufikiria sisi. Mjukuu wangu nilipomsimulia leo mchana alinijibu kwa Kiingereza kwamba nilikuwa mtoto tu, akaenda kunusa krokasi zote, moja baada ya moja, na hakuna iliyoharibika. Huenda amesema kweli. Sasa ninazo tele chini ya ukuta, hakuna wa kuniinulia kidole, na sijui nizitoe kwa nani. Lakini Bibi alisema ni yeye aliyelinusa, na kati yetu sote ni yeye ambaye hakumwona tena mwanawe. Nilidhani nikijua ukweli nitapumua. Kumbe nilikuwa nimebeba mzigo wangu, na sasa nimeonyeshwa ni nani aliyeubeba zamani, nami siwezi kumpokea.

Jioni nilipika viazi vya haradali na chapati. Mawazo yalikuwa nje, mbegu zikaniungulia, moshi ukajaa jikoni mpaka nikafungua dirisha. Mama alikula polepole, akamaliza sahani yote. Nikamuuliza kama vimeungua. Akasema havijaungua.