Ufuo Uliotulia Siku ya Jumamosi

Kuna Jumamosi moja naikumbuka kuliko siku zote nilizoishi, mwanangu, na ni wewe uliyenirudisha huko jana ulipokaa hapa jikoni kwangu mjini Rodi Kopany ukinionyesha picha za visiwa kwenye simu yako. Ulikuwa na furaha. Umepata kazi kwenye boti la watalii linalotoka Muhuru Bay kwenda Homa Bay, na umeambiwa uchague mahali wageni watakaposhuka kwa saa mbili, waogelee, wale samaki, kisha safari iendelee. Ukaniuliza, "Nyanya, si wewe uliifanya hii kazi? Ni wapi huko kumetulia?" Mimi nikakwambia chai inachemka, nikainuka kuitazama, na chai yenyewe ilikuwa haijapata hata joto. Basi leo keti. Jibu lako ninalo, ila ni refu kidogo.

Nilikuwa na umri kama wako. Mama yangu alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, pale Muhuru Bay, na mimi nilikulia mchangani, nikinuka samaki toka Jumatatu hadi Jumapili. Nilipopata kazi ya kupika kwenye boti la wageni, nilijiona nimeukata. Nahodha wetu alikuwa mtu wa Pwani, mzee mpole aliyeijua bahari lakini ziwa letu hakulijua. Kila tulipokaribia visiwa alikuwa akiniita, "Binti, wewe ndiwe mwenyeji. Hebu tuchagulie." Nami nilikuwa nachagua. Unajua raha ya kuulizwa na mtu mzima? Ilinipanda kichwani, sikufichi.

Siku hiyo tulikuwa na wageni tisa, wengine wa Nairobi, wengine wa ng'ambo. Tulivipita visiwa viwili vyenye makelele ya watu na injini, na wageni wakakunja nyuso. Ndipo nikakiona kisiwa kimoja kidogo, mkabala na kijiji cha Kisegi. Jina lake sikutajii kwa sababu wenyewe wangali hai. Kilikuwa na ufuo safi, umejikunja nyuma ya mawe. Hakukuwa na mtumbwi hata mmoja majini. Yote ilikuwa imevutwa mpaka juu kwenye majani. Nyavu za kuanikia omena zilikuwa zimekunjwa. Kimya kabisa. Nahodha akauliza, "Mbona hapana watu?" Nikamjibu haraka haraka, bila hata kufikiri, "Leo ni Jumamosi. Hawa ni Wasabato, wako kanisani."

Na kweli walikuwa Wasabato. Hapo ndipo ujuzi wangu uliponidanganya, mwanangu, kwa maana mtu asiyejua lolote angeuliza. Mimi nilijua nusu, nikajibu. Nilizaliwa kando ya ziwa hilohilo. Nilijua kwamba siku ya Sabato mitumbwi hufungwa tu majini, haivutwi hadi kwenye majani. Nilijua pia kwamba Wasabato wakiwa kanisani huwasikia tu, huwaoni, kwa sababu kwaya zao husikika mpaka ng'ambo ya pili. Siku hiyo sikusikia wimbo. Nilikuwa na masikio mazima na sikujiuliza nyimbo zimekwenda wapi.

Juu ya jiwe moja aliketi mzee, ameelekea majini. Alituinulia mkono. Mimi nikampungia wangu, nikawaambia wageni, "Mnaona? Tumekaribishwa."

Wageni walifurahi sana. Waliwasha muziki, wakarukaruka majini, wakacheka mpaka mwangwi ukarudi kutoka kwenye mawe. Mimi nilikaanga samaki wangu wa ngege nikijipongeza. Mama mmoja wa ng'ambo, mwenye kofia pana, aliogelea hadi karibu na magugu ya majini yaliyokuwa yakielea upande wa mawe, kisha akarudi akinionyesha kwa kidole. Katikati ya magugu kulikuwa na kitu cha buluu, kinapanda na kushuka pamoja na maji. Akaniuliza ni nini. Nilitazama. Niliona ukosi. Niliona kwamba ni shati, na kwamba limejaa, si shati tupu la kusombwa na maji. Moyo wangu ulijua kabla yangu. Lakini mdomo ukasema, "Ni takataka tu, mama. Upepo huzileta." Nikampa kitambaa cha kujifutia, nikamgeuza atazame chakula.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza miaka yote hii. Sikutaka siku iharibike, basi. Hakuna sababu kubwa zaidi ya hiyo, na ndiyo maana inaniuma.

Tulipokuwa tunapakia vyombo, yule mzee akafika. Alikuwa ametembea polepole kando ya maji mpaka alipotufikia, akanitazama mimi peke yangu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Muhuru Bay, baba."

"Nyar Muhuru," akasema, maana yake binti wa Muhuru, na akatikisa kichwa. "Hawa wengine ni wageni, hawajui. Lakini wewe? Mimi napunga mkono mrudi, na wewe unaona ni salamu?"

Akanieleza kwamba Alhamisi mtumbwi ulikuwa umepinduka, na kijana mmoja aitwaye Owino hakuwa ameonekana. Watu wa kisiwa kile, mmoja wao akizama, huacha kuvua, huvuta mitumbwi nchi kavu, hawawashi injini wala kuimba, mpaka maji yamrudishe mwenzao. Iliachwa mitumbwi miwili tu ya kupiga kasia, ya kumtafutia. Wakati ule ilikuwa imekwenda upande wa pili, nasi hatukuiona. Mzee yeye aliachwa alinde ufuo huu. Hakunifokea. Heri angenifokea. Aliniuliza tu swali moja: "Huko mlikoogelea, mmeona kitu?"

Wageni walikuwa nyuma yangu, wanacheka. Yule mama mwenye kofia alikuwa akijifuta nywele. Nikafikiri, nikisema, watajua walikuwa wanaogelea na nani. Nahodha atajua kwamba nilimjibu bila kujua. Nikamjibu mzee yule aliyekuwa hajalala siku mbili, "Hapana, baba. Hatujaona kitu."

Akasema, "Asante, mama." Akarudi kwenye jiwe lake.

Tulipong'oa nanga upepo wa alasiri ulikuwa umeanza. Nilitazama nyuma mara moja. Magugu yalikuwa yamejitenga na mawe, yanakwenda zake kuelekea ziwa kuu, na kile cha buluu kimo ndani yake. Nahodha alikuwa mita mbili kutoka kwangu. Neno moja tu lingetosha, "Rudi." Sikulisema. Nikaosha masufuria mpaka Homa Bay.

Majuma matatu baadaye nikiwa nyumbani, wachuuzi wa omena wakamwambia mama yangu kwamba kule kisiwani wamekata tamaa, watazika yago. Wewe umekulia mbali na ziwa, labda hujaona. Yago ni lile tunda refu zito la mti wa mwegea, ambalo Wajaluo huzika mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Hulazwa kaburini kama mtu, na huliliwa kama mtu. Nikapanda mtumbwi nikaenda. Sikumwambia mama ninachofuata.

Walilifunga tunda lile kwa shuka, wakalishusha taratibu. Nililia kuliko watu wa ukoo, mpaka wengine wakageuka kunitazama. Baada ya maziko mama yake Owino akaja nilipokaa. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti imekwisha.

"Ni wewe ulikuwa na wale wageni?"

"Ni mimi, mama."

"Mzee aliniambia ulisema hakuna kitu upande ule. Ulitusaidia. Tuliacha huko, tukaenda kumtafuta kwingine."

Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika na mume, lakini shukrani ile ndiyo nzito kuliko vyote nilivyobeba. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote: shati, ukosi, magugu, upepo. Nilitaka anipige. Nilitaka ainue ile sauti yake iliyokwisha, watu waje, yaniishie hapohapo.

Hakunipiga. Akaketi chini kwenye udongo mbichi, akauliza, "La buluu?"

"La buluu, mama."

"Lilikuwa na kiraka hapa kwa bega. Nilishona mimi. Ulikiona?"

"Sikusogea karibu."

Akajipapasa bega. Kisha akasema, "Si ungesogea tu, mwanangu." Akainuka, akaenda kuwagawia waombolezaji uji.

Hakunilaani. Aliniita mwanangu, na tangu siku hiyo kila nimwitapo mtu hivyo namsikia yeye. Kazi ya boti niliiacha juma lilelile. Nilihamia huku bara, nikauza nguo, nikawalea baba yako na ndugu zake mbali na maji. Wanasema naogopa ziwa. Siliogopi. Naona haya kulitazama.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo ulilokuja kuuliza. Ufuo uliotulia upo, tena mwingi. Lakini usiuchague kwa picha, wala kwa kuutazama kutoka botini. Zima injini mbali, shuka wewe kwanza, peke yako, uende kwa watu wa pale uwaulize: leo kwenu kuna nini? Wakikwambia kuna jambo, waombe radhi, wapeleke wageni wako kwingine hata kama kuna makelele. Hakuna mgeni aliyewahi kufa kwa kusikia injini. Usidhani kwamba kwa kuwa wewe ni mwenyeji basi unajua. Mimi nilikuwa mwenyeji. Na ukiona kitu majini kinachokutia shaka, sogea ukione. Ukiulizwa, sema ulichokiona hata mbele ya wageni tisini. Siku ya wageni ikiharibika, watapata nyingine. Mama yake Owino hakupata nyingine.

Haya, njoo nikushike kichwa. Mungu wa babu zako akupe macho ya kuona na mdomo wa kusema. Ziwa likupokee vizuri na likurudishe vizuri. Kila utakayemshusha ufukweni apande tena botini kwa miguu yake mwenyewe. Na siku boti lako litakapopita mkabala na Kisegi, kwenye kile kisiwa chenye mawe, mwambie nahodha apunguze injini, wageni wanyamaze kidogo. Wakikuuliza kwa nini, waambie kuna mama hapo bado anasubiri.