Kungojea Sita

Nilipokuwa karani katika boma la Wajerumani pale Arusha, nilijiapia kwamba dadu ikitoa sita nitamwandikia mke wangu aliyebaki Tanga, nimwombe msamaha, aje tuishi wote. Niliitupa mara moja tu kila jioni baada ya kuswali magharibi, baridi ya Meru ikiingia chumbani. Siku kumi na nne zikapita bila sita.

"Kesho lazima itoke, zamu yake imefika," nilimwambia jirani yangu, askari.

Akacheka. "Bwana karani, kwani hiyo dadu inakumbuka ya jana?"

Mimi niliyesifiwa shuleni kwa hesabu nikaisukuma dadu kando. Nikachukua kalamu. Salamu ziliandikika upesi. Kosa langu ndilo lililonishinda kulitaja.