Vigimbi vya Baba

Watu wakinisifu kwamba nilimtunza baba, huwa nageuza mazungumzo. Nilimtunza, ndiyo. Nilimtunza mpaka akashindwa kutembea.

Nilimleta Karatu kutoka kijijini kwetu Arash baada ya mama kufariki. Kuchunga alishawaachia kaka zangu miaka mingi, lakini kutembea hakumwachia mtu. Alikuwa na vigimbi vigumu, vya mtu aliyefuata ng'ombe tangu utotoni. Asubuhi ya pili tu hapa mjini alivaa katambuga zake za tairi, akashika fimbo, akaenda mnadani kuangalia ng'ombe wa watu. Akarudi saa nane mchana, vumbi jekundu mpaka magotini, ana habari za bei za madume kana kwamba ananunua. Siku isiyo ya mnada alipanda mashambani hadi msitu unapoanzia.

Jirani mmoja tunayesali naye akaniuliza nje ya kanisa, mbele ya wenzetu: "Mama, baba yako tumemwona tena barabarani. Kwani huko kwako hakuna kiti?"

Wakacheka. Nikacheka nao huku roho inaniuma. Mimi nafanya kazi lodji ya watalii, nimejenga nyumba ya vigae, halafu baba yangu aonekane anazurura kama mtu asiye na mtoto? Aibu ile ilikuwa yangu, si yake, lakini nilimbebesha yeye.

Jioni hiyo nilizichukua katambuga nikazifungia kabatini. Nikamnunulia kochi, soksi na malapa.

"Baba, umetembea vya kutosha," nilimwambia. "Sasa pumzika."

"Nyumba ni yako, mwanangu," akasema, akakaa.

Akakaa karibu mwaka. Chai nilimletea pale pale, maji ya kunawa pale pale. Kule kazini niliwafungia chakula cha mchana wageni waliovuka bahari ili watembee kwa miguu kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano. Walirudi wamechoka, wana furaha, wananionyesha picha. Hata siku moja sikumfikiria baba.

Kwanza soksi zilianza kuacha alama. Kisha kifundo cha mguu wa kulia kikavimba, ngozi ikaingia weusi, na kwa upande wa ndani kikatoka kidonda kisichotaka kupona. Nilimnyima chumvi. Nikamwombea. Mwisho nikampeleka zahanati.

Muuguzi, binti wa rika la mwanangu, aliuliza, "Babu anatembea?"

"Hapana," nikajibu kwa majivuno, Mungu anisamehe. "Hata maji ya kunawa simwachii achote."

Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alishika kigimbi cha baba, kilichokuwa kimelegea kama mfuko mtupu, akaeleza. Damu kushuka mguuni ni rahisi, kazi ni kupanda. Mtu akitembea, kigimbi kinakaza, kinaiminya mishipa iliyo ndani, damu inasukumwa juu kuelekea moyoni. Mishipa yenyewe ina vilango vinavyoizuia damu isirudi chini. Mtu akikaa kutwa, kigimbi kinalala, damu inatuama, mguu unavimba, na ngozi inayolala kwenye uvimbe huo mwisho inapasuka.

Nikamtafsiria baba kwa Kimaasai. Akatikisa kichwa taratibu kukubali.

"Ni kama kukamua," akasema. "Usipominya, hakitoki kitu."

Yeye hakuingia darasani hata siku moja, na alielewa kabla sijamaliza sentensi. Mimi niliyesoma nilikuwa nimeufunga mguu wa baba yangu kabatini ili watu wa kanisani wanyamaze. Hata walipokuja kumjulia hali, walisifu kochi.

Muuguzi alimfunga bendeji ya kubana kutoka vidoleni hadi chini ya goti, akasema alale ameinua miguu, na mchana atembee, hata hatua chache, mara nyingi. Tulipofika nyumbani nilifungua kabati. Katambuga hukatwa kwa kipimo cha mguu wa mwenyewe, na mikanda yake hupigiliwa misumari. Mguu wa kushoto uliingia. Wa kulia, wenye bendeji, ulikwama vidoleni. Nilipiga magoti sakafuni nikasukuma, nikavuta mkanda, nikasukuma tena. Kifundo chenyewe kilikuwa kimekakamaa, hakikunjiki. Nikaanza kulia.

Baba akaweka mkono kichwani pangu, kama wazee wetu wanavyosalimia watoto. Akaokota ile katambuga ya kulia, akaigeuzageuza, akafuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Umezitunza vizuri," akasema.