Muguu wa Motere

Nakumbuka ule mwaka wenye tulikula mahindi mazima-mazima. Usiniulize tarehe, mwanangu. Shule niliiacha mapema, lakini tumbo langu linajua kuhesabu miaka. Kuna mwaka wa viazi bila chumvi, kuna mwaka wa sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta, na kuna ule wa mahindi ya kuchemsha, wakati volkano ilishuka mu muji wetu wa Goma, ikapita juu ya maduka na nyumba za watu mpaka ikazima ndani ya ziwa. Na wenye walikuwa wanatutawala siku zile ni waasi, kwa hiyo hata kulia tulilia kwa sauti ndogo.

Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, na tuliporudi mutaa wetu wa Majengo mawe yalikuwa yangali ya moto chini ya sandali. Watu wa musaada walitugawia mahindi. Mazuri, makavu, magumu kama vifungo vya shati. Unga? Hapana. Mashine za kusaga nyingine zilikuwa zimelala chini ya mawe, nyingine zilikuwa zimebebwa na wezi wakati sisi tuko ugenini. Tulichemsha yale mahindi toka asubuhi mpaka jua kichwani, na bado yalikuwa yanalia ku meno.

Ninakuambia habari ya mahindi kwa sababu nataka kukuambia habari ya ordinateri, hiyo kompyuta yenye unaunda. Usicheke. Kaa chini.

Binti yangu Furaha, mama ya huyu mujukuu wangu Bienfait, alikuwa angali mudogo. Mahindi yalimuharibu tumbo. Yaliingia mazima, yakatoka mazima, na mutoto akabaki macho tu. Basi sisi wanawake wa parcelle yetu, kiwanja chetu kimoja, tukaapa kuunda mashine yetu ya kusaga. Shemeji yangu alikuwa ameokota kichwa cha kusagia ndani ya duka lililoungua. Mukanda tulipata kwa fundi wa magari. Kitu kilichokosekana ni motere, injini ya kuizungusha.

Siku moja akatokea kijana mumoja na motere amepakia juu ya chukudu, ule mukokoteni wetu wa mbao. Motere ya mazuti, mafuta ya dizeli, rangi ya kijani, imefutwa vizuri. Akaiwasha mbele yetu, ikaunguruma. Mwanangu, mimi niliposikia ule muungurumo nilisikia harufu ya bugali, ugali wetu. Naapa. Mate yalijaa mu kinywa.

Lakini kikoba cha pesa zetu kilikuwa kwa mama-mukwe wangu. Mama-mukwe alikuwa Munande wa Butembo, mutu wa biashara ya njia ndefu, mwenye kununua kitunguu kwa kukifinya na mutu kwa kumuangalia viatu. Aliizunguka ile motere polepole. Akainama. Akaweka kidole pale chini, pahali muguu wa ine wa motere ulipaswa kuwa, kwa sababu ya kuifungia ku sakafu ilikuwa imebaki mitatu.

“Huyu mutoto alivunjikia wapi?” akauliza.

“Ah, kidogo tu, mama. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea mara moja.”

“Sikukuuliza nani atatengeneza.”

Mimi sikuona kitu. Motere inawaka, shida ni nini? Lakini tazama yenye yeye aliona. Hapa kwetu moshi wa volkano unashuka pamoja na mvua, na ile mvua inakula chuma. Bati jipya linageuka jekundu kabla hujazoea nyumba. Na pale penye muguu ulivunjika chuma kilikuwa cheupe, kinang'aa kama jino. Maana yake kilivunjika juzi. Motere ya kusaga inafungwa ku sakafu ya simenti na bulo, yaani bolti. Mwenyewe akitaka kuiuza, anachukua ufunguo wa bulo, anafungua moja moja, hata kama zimeshika kutu anazimwagia mafuta na kungoja. Ni mutu mwenye haraka njo anaingiza chuma chini na kung'oa.

“Uliifungua miguu mitatu,” mama-mukwe akamwambia, “wa ine ukakosa nguvu?”

“Mama, mimi ninauza tu. Mambo ya kuzaliwa kwake siyajui.”

Nikamushika mama-mukwe ku kitenge. “Mama, Furaha hajakula.”

Hakuniangalia. Alimuangalia yule kijana akasema: “Hapana. Kitu chenye mwenyewe angali anakitafuta, mu nyumba yangu hakiingii.”

Kijana akacheka, akageuza chukudu. “Basi kuleni mawe, yako mingi!”

Jirani mumoja, ulimi wake wembe, akasema kwa sauti ili wote wasikie: “Leo tutakula heshima ya mama huyu. Aitilie chumvi basi.” Wengine wakaguna. Mimi nilichukia mama-mukwe wangu. Niliingia ndani, nikafunga mulango, nikamuacha nje na heshima yake.

Nilipotoka, nilimukuta amepiga magoti. Alikuwa ameokota jiwe la volkano, lile lenye mashimo mashimo, bapa, na lingine la mukono. Alikuwa ameyaosha, anasaga. Alisaga mpaka vidole vikachubuka, akapika uji, akamunywesha Furaha kwanza. Uji ulikuwa na mchanga, siwezi kukudanganya. Lakini mutoto alilala bila kulia. Kesho yake yule jirani wa ulimi wembe alikuja kuomba zamu ku jiwe.

Haikupita muda mrefu, akaingia mama mumoja ametoka Munigi kwa miguu, kitunga, kikapu chake, mukononi.

“Mama zangu, munisamehe. Nimesikia hapa munaunda mashine. Ninaomba tu kuangalia motere yenu.”

“Motere hatuna,” nikamujibu. “Tuko na jiwe.”

Akafungua kitunga. Ndani, amefunga ndani ya kitambaa kama vile mutu anafunga yai, kulikuwa na muguu wa motere. Rangi ya kijani. Wezi waling'oa motere yake, muguu ukabaki ku sakafu na bulo yake, na yeye akaufungua kwa ufunguo, akaanza kutembea nao, parcelle kwa parcelle, anatafuta motere ya kiwete.

“Bwana wangu alikufa,” akasema. “Ile motere njo ilibaki kunilishia watoto.”

Mama-mukwe akaupokea ule muguu, akaupima uzito mu kiganja. Akaniangalia. Mwanangu, angeweza kunisema mbele ya wote. Alisema tu: “Mupe mugeni kiti.” Nikamupa kiti, nikamupa uji wetu wenye mchanga, akanywa wote. Kisha akafunga muguu wake, akaelekea upande wa Birere, mutaa wa masoko. Kama aliipata motere, sijui mpaka leo. Ninachojua ni hiki: siku ile hakuisikia inaunguruma mu parcelle yetu.

Sasa, habari ya Bienfait.

Miaka imepita, waasi wamekuja, wamekwenda, wamerudi tena. Mwaka huu wa juzi juzi, mutu akiniuliza, nitasema ni mwaka wenye watu walikula muchele wa madepo, yale maghala. Muji ulipoanguka, watu walivunja madepo na maofisi. Mama mwenye alibeba kilo ya muchele ili watoto wale, mimi simuhukumu, na weye usimuhukumu kama hukulala na njaa yake. Lakini kulikuwa pia wenye walibeba vitu vyenye havipikwi.

Bienfait, mujukuu wangu, alikuwa tayari anaunda ordinateri ya michezo. Hakuinunua nzima, anasema ya kununua nzima inakupa kile muuzaji anataka, ya kuunda inakupa kile weye unataka. Nikakubali, hata mimi sinunui sambusa za njiani bila kujua nyama yake. Alikusanya pole pole zaidi ya mwaka: leo sanduku la bati, mwezi mwingine memuari, kile kipande cha kukumbuka. Alinieleza kila kitu pale mezani penye mimi ninachambua maharagi. Kuna prosesere, hiyo njo inafikiri. Kuna karte mere, maana yake karte mama, wote wanakaa juu yake. Nikamuuliza, “Na karte baba iko wapi?” Akasema, “Koko, bibi yangu, baba alienda kutafuta kuran.” Tulicheka sana. Kuran, huo umeme wa kwetu, unaijua: inakuja kama mugeni, inakwenda kama mwizi. Kwa sababu hiyo Bienfait alikataa kubana pesa ku kile kisanduku kinachogawa umeme. Rafiki zake walimucheka, eti ananunua kitu chenye hakionekani. Alinunua cha nguvu, na kuran iliporuka mu kartie nzima, mutaa wote, na kuunguza televisheni ya jirani, kisanduku chake kilijizima, kikaamuka. Huyo ni damu yangu.

Alinifundisha pia namna vipande vinaingia na kutoka. Karte grafike, ile yenye inachora picha za muchezo, inashikwa mwisho wake na kidole kidogo cha plastike cha karte mama. Ukitaka kuitoa, unafungua kwanza vise, zile skrubu, kisha unabonyeza kile kidole polepole, inakuachia. Na hiyo karte grafike njo ilikuwa kipande cha mwisho. Ilikuwa imebaki hiyo tu.

Na haraka yake niliielewa. Rafiki yake Gloire, waliozaliwa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekimbilia Kampala na wazazi wake. Waliahidiana: siku ordinateri itawaka, watacheza pamoja, mumoja kule, mumoja huku, wakisikilizana sauti. Shule imefungwa, banki zimefungwa, kijana anashinda anaangalia ukuta. Lile sanduku lilikuwa njia yake ya kutoka nje ya nyumba bila kutoka.

Basi akapata karte ku duka moja la Birere, kwa bei ya kushangaza. Akaniomba nimusindikize, kwa sababu pesa nyingine ilikuwa yangu. Muuzaji akaifunga ku mashine yake, akawasha jenereta. Picha zikatoka, mwanangu! Farasi unaona mpaka nywele za shingo. Bienfait aliangalia joto lake, akasikiliza mapanga yake ya upepo, akaangalia jina na nambari yake ku kioo cha mashine, yote kama inavyopaswa. Uso wake ulikuwa ule ule wangu mbele ya motere ya kijani.

“Ni okazio ya Dubai, imetumika kidogo tu, koko,” muuzaji akasema.

“Izime, nione.”

Akaitoa, akanipa. Niliigeuza. Kile kibati cha kufungia vise kilikuwa kimepindwa, sikio lake limepasuka. Etiketi imekwanguliwa na kisu. Na ku mwisho wa karte, kile kidole cha plastike cha karte mama ya mutu mwingine kilikuwa kingali kimeuma, kimevunjika nacho.

“Dubai hawana turnevisi ya kufungulia vise?” nikamuuliza.

“Eh, koko, koko! Inafanya kazi au haifanyi?”

Nikamuonyesha Bienfait. “Mutoto wangu, hiki kidole ni cha nani?”

Alikigusa kwa kidole chake. Yeye njo alinifundisha. Alijua kuliko mimi na kuliko muuzaji.

“Koko,” akasema chini chini, “nisipoinunua mimi, atainunua mwingine.”

“Ndiyo. Mwingine.” Kisha nikamuangalia muuzaji. “Hapana. Kitu chenye mwenyewe angali anakitafuta, mu nyumba yangu hakiingii.”

Njiani alitembea mbele yangu. Nyumbani hakula. Alifunga mulango kama nilivyoufunga mimi, na mimi sikumugongea, kwa sababu najua ndani ya kile chumba kuna nini. Nilichambua maharagi yangu.

Siku kidogo zikapita, nikasikia kelele: “Gooool!” Nikakimbia. Kumbe ile prosesere inaweza kuchora picha yenyewe, bila karte, kama ukiiomba kidogo. Wachezaji wa mupira walikuwa na sura kama viazi vya Masisi, wanakimbia wamekwama kwama. Lakini kutoka ndani ya vile visikilizio ilikuja sauti ya Gloire, toka Kampala, anamutukana Bienfait kwa furaha: “Golikipa wako hana hata pua!”

Basi, mwanangu weye mwenye unaunda ordinateri yako, sikiliza. Angalia nguvu ya kipande, angalia joto, angalia kama kinaingia ndani ya sanduku lako. Hayo unayajua kuliko mimi. Nunua kwanza kile kinacholinda vingine, hata kama wanakucheka. Usinunue kitu chenye hukukiona kinawaka. Na kikishawaka vizuri, kigeuze. Angalia pale kilipofungiwa. Kitu chenye kilifunguliwa na mwenyewe kinatoka na masikio yake mazima. Kitu chenye kiling'olewa kinabeba kipande cha mutu. Bei ikikuchekea sana, uliza nani analia. Na ukikosa, anza na viazi. Rafiki hatakukimbia kwa sababu ya viazi.

Mungu akupe mikono yenye subira. Akupe kuran yenye kukaa. Akurudishie marafiki zako wote wenye vita viliwatawanya, na akuvushe salama mwaka wenye hatujajua tutakula nini.

Jana yule muuzaji wa Birere amepita hapa mwenyewe, karte ndani ya mufuko, bei ameshusha tena. Mimi nilikuwa jikoni, mikono ndani ya bugali. Nilijikaza nitoke nimujibu. Lakini Bienfait alikuwa amefika mulangoni mbele yangu, amesimama kama yeye njo alijenga hii nyumba, na nilisikia sauti yake, nzito, haina haraka:

“Hapana. Kitu chenye mwenyewe angali anakitafuta, mu nyumba yangu hakiingii.”